Njia Zetu kwenye Shamba la Bwana Mbuni

"Pita nyuma," Owuor, askari wa mlangoni, alimwambia Gachanja, na hiyo ilikuwa mara ya tatu wiki ile.

"Owuor, si unanijua?"

"Nakujua sana. Hata mkeo namjua. Pita nyuma."

Hebu niambie, wewe ungefanya nini? Gachanja alikuwa amebeba ubao wa mtarakwa aliouchorea picha, mrefu kumshinda yeye mwenyewe, umefungwa blanketi, na alikuwa ametoka nao Elburgon juu ya lori la mbao, amesimama wima njia nzima akiukinga usikwaruzwe na magogo. Mlango wa mbele wa nyumba ya makumbusho mjini Nakuru ulikuwa mpana, ng'ombe wawili wangepita pamoja bila kusukumana. Mlango wa nyuma ulikuwa wa jikoni. Upande huu tangi la maji, upande ule ukuta, na katikati pale mtu mwenye ndoo lazima atembee kiubavu. Gachanja aliuinua ubao, akaulaza, akausukuma, akautukana. Haukupita.

Hemed, fundi wa fremu kutoka mtaa wa Bondeni, alisikia matusi akatoka nje na misumari mdomoni. Alitazama tangi, akatazama ubao, akaitema misumari mkononi na kuzunguka mpaka mbele kwa askari.

"Bwana wee, amri inasema nani asipite mbele?"

"Mwafrika."

"Na ubao ni Mwafrika?"

Owuor aliwaza kidogo. Hakuwa mtu mbaya, ila aliipenda kazi yake mno. Akakubali kwamba ubao si Mwafrika. Basi picha ikaingia kwa mlango wa mbele, imebebwa na Owuor huku na Hemed kule, maana karatasi za Hemed zilimwandika Mwarabu na yeye hakuulizwa kitu. Aliyeichora akazunguka nyuma peke yake. Alifika ndani bega moja limelowa na hasira zimemjaa.

Ulikuwa mwaka wa 1958, na Hali ya Hatari, iliyowekwa na serikali kupambana na wapiganaji wa msituni, ilikuwa haijaondolewa. Mkikuyu hakutoka Elburgon kwenda Nakuru bila karatasi, hakurudi bila karatasi, na akisahau ile karatasi kwenye koti lingine, alilala ndani. Gachanja alikuwa mnoaji wa misumeno katika kiwanda kimoja cha mbao. Uchoraji alijifunzia kwenye milango ya malori, kwa rangi zilizobaki za kuandikia majina ya wenye mali. Siku moja Memsaab Pringle, mwenyekiti wa chama cha Wazungu kilichoendesha makumbusho yale, aliona Mlima Londiani kwenye mlango wa lori, akasimamisha gari lake katikati ya barabara na kuuliza nani ameuchora. Ndivyo mambo yalivyoanza. Mpaka siku hiyo makumbusho yake yalikuwa na mawe ya kale, ndege wa ziwani waliokaushwa, na bunduki kuukuu. Sasa alitaka maonyesho ya nchi hii kwa macho ya mtu aliyezaliwa humu. Aliomba picha kumi na mbili.

Gachanja alichora miezi minane, kila Jumapili na kila jioni ambayo mvua haikumkatalia mwanga. Ziwa Nakuru likiwa limekauka pembeni na chumvi nyeupe. Menengai kabla ukungu haujashuka. Mashamba ya pareto kule Molo, wanawake wameinama. Picha kumi na moja alimchorea Memsaab, na alizichora vizuri, kwa kuwa hakujua kuchora vibaya. Ya kumi na mbili alimchorea mama yake.

Mama yake aliitwa Wariara, naye alikuwa mkunga. Aliishi miaka thelathini kama skwota, mtu anayelima kipande cha ardhi ya mwingine kwa kumfanyia kazi, kwenye shamba la Mzungu mmoja juu ya Njoro, mpakani mwa msitu wa Mau. Jina la Mzungu huyo lilikuwa refu na gumu, kwa hiyo watu walimwita Bwana Mbuni, kwa sababu ya miguu yake mirefu. Watoto wote wa skwota wa shamba lile walizaliwa mikononi mwa Wariara. Ukitaka kujua nyumba yake ilipokuwa, hukuuliza. Ulifuata njia yoyote. Njia saba zilitoka pande zote za shamba na kukutana mlangoni pake, zimekatwa na nyayo za waume waliokuja mbio kuita mkunga. Ardhi ilikuwa ya Bwana Mbuni, hilo hakuna aliyelibisha. Lakini njia hakuzikata yeye. Yeye alipita kwa farasi, popote alipotaka.

Mwaka wa 1953 skwota wote waliondolewa. Nyumba zilichomwa siku moja, kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho, na mvua ya kwanza iliponyesha Bwana Mbuni akapitisha trekta, akapanda ngano mpaka ukingoni mwa msitu. Wariara alipakiwa kwenye lori akapelekwa rizavu, eneo lililotengewa Wakikuyu, Fort Hall, katika kijiji kilichozungushiwa handaki, mahali ambapo hakumjua mtu. Huko macho yakaanza kufifia. Mtoto wa jicho alifunga la kulia kabisa, kisha akaanza la kushoto. Katika barua aliyoandikiwa na karani wa kanisa, alimwambia mwanawe jambo moja tu: nataka kupaona kwetu kabla hili la pili halijafunga.

Kupaona wapi, na ngano imepanda juu ya kila kitu? Na hata pasingekuwa na ngano, Bwana Mbuni angemruhusu nani? Gachanja aliisoma barua ile kiwandani, misumeno ikilia pande zote, akaikunja akairudisha mfukoni. Jumapili iliyofuata alichagua ubao mkubwa kuliko wote aliowahi kuupata, ubao mmoja usio na kiungo wala jicho la tawi, akaanza kuchora shamba lile kama lilivyokuwa mwaka mmoja kabla ya moto.

Alichora msitu, alichora kijito, alichora mteremko wenye mkunjo uliomsumbua wiki tatu. Ukiacha nyumba kubwa ya Bwana Mbuni, nyumba hakuzichora hata moja. Alisema kibanda cha nyasi kikichorwa kwa mbali ni kama kingine chochote, na mama yake asingekitambua chake, angekasirika. Alichotaka ni njia, na njia hakuzipaka rangi. Alichora majani, vichaka na viazi pande zote mbili, akauacha ubao mtupu katikati, mti wa mtarakwa ukiwa mwekundu vilevile kama udongo wa kwao baada ya mvua. Mahali watu walipopita hapaoti kitu, alisema, sasa mimi nipake nini? Njia saba nyekundu zikashuka, zikapanda, zikazunguka mawe, zikakutana mahali pamoja katikati ya ubao, padogo kama ukucha wa kidole gumba.

Hemed alipofungua blanketi siku ile alifuata njia moja kwa kidole mpaka mwisho wake, kisha nyingine.

"Hii hata fremu haitaki," alisema mwishowe. "Lakini nitaipa, ili Wazungu wajue ni picha."

Kumpatia mama pasi ya safari kulichukua miezi minne. Gachanja aliandika, akajibiwa aandike kwingine. Akaandika kwingine, akaambiwa barua ipitie kwa chifu. Chifu akataka sababu. Aliposema sababu ni kuangalia picha, chifu alimrudishia barua na neno moja pembeni, kwa wino mwekundu: Upuzi. Ikabidi Memsaab Pringle apige simu mahali fulani, na ndipo karatasi ikatoka: siku tatu, Jumamosi mpaka Jumatatu, kwenda na kurudi. Na maonyesho? Alhamisi yalifunguliwa kwa Wazungu. Jumamosi alasiri, kwa muda wa saa mbili tu, yalifunguliwa kwa watu wote. Mambo yalikuwa yamelingana kwa shida kama vipande vya kiti kilichovunjika, lakini yalikuwa yamelingana.

Kuku wa mkata hatagi, na akitaga haangui. Jumanne akaja afisa wa usalama.

Alikuwa Mzungu kijana, mwenye adabu, na kidaftari chake kidogo. Kila mkusanyiko ulihitaji kibali, na yeye alikuwa amekuja kukagua. Picha ya kwanza hakuitazama sana, ya pili hivyo hivyo. Aliufikia ukuta wa mwisho, ambako ubao mkubwa ulikuwa umeshatundikwa, akasimama. Memsaab alikuwa kando yake. Hemed alikuwa amepiga magoti akipigilia kona ya fremu. Gachanja alikuwa amesimama nyuma yao, kofia mkononi.

"Hii njia nakwenda wapi?" afisa aliuliza, kidole kikiwa karibu na ubao.

Hapa, jamani, ndipo ninapotaka kumshika Gachanja masikio yote mawili. Lakini mweleweni pia. Tangu azaliwe hakuna Mzungu aliyewahi kumwuliza njia ya kwao inakwenda wapi. Miezi minane alikuwa na picha ile peke yake. Memsaab alikuwa ameisifu kwa rangi, Hemed kwa mbao, na yeye alikuwa akingoja mtu mmoja tu duniani aulize swali lile. Akaliuliza huyu.

"Hiyo inakwenda kijitoni, Bwana," Gachanja alisema, na akasogea mbele. "Wachota maji. Na hii inatoka kwa kina Waithaka, wale wa kukamua ng'ombe. Hii ya tatu inapanda msituni. Wanawake walipita hapa kuokota kuni."

Hemed alikohoa.

"Ndani ya msitu nakwenda mpaka wapi?"

"Mpaka pangoni. Kuna pango hapa, nyuma ya huu mti mkubwa. Mvua ya mawe ikija, tulikuwa tunaficha mbuzi humo. Mbuzi hamsini wanaenea."

Hemed alikohoa tena, kikohozi cha mtu aliyemeza msumari. Gachanja hakusikia. Macho yake yalikuwa yanang'aa.

"Na mtu naweza toka pango mpaka hapa chini," afisa alisema taratibu, "na nyumba ya Bwana hapana ona yeye?"

"Kabisa!" Gachanja alisema. "Unaona huu mkunjo? Ukishapita hapa, kutoka nyumba kubwa hawakuoni hata kidogo. Huu mkunjo ulinichukua wiki tatu, Bwana."

Hemed aliangusha nyundo. Iligonga sakafu ya mbao kwa kishindo, lakini ng'o, maji yalikuwa yameshamwagika. Afisa aliandika, akafunga kidaftari, akampigia Memsaab saluti ndogo, wakatoka wawili hao kwenda kuzungumza barazani kwa Kiingereza.

"Wewe una akili timamu?" Hemed alimnong'oneza. "Umemchorea ramani, kisha ukamsomea!"

Gachanja alimtazama kama mtu aliyeamshwa. Ndipo alipoelewa, na uso ulimshuka mpaka nikisimulia bado namwonea huruma.

Memsaab Pringle alirudi akiwa amekunja vidole. Kwa haki yake niseme, hakuwa amefurahi.

"Gachanja, iko shauri kidogo," alisema. "Yeye nasema hii si picha. Nasema hii ni ramani ya watu ya msitu. Kama hii njia iko hapa siku ya Alhamisi, yeye nachukua picha, natia moto."

"Memsaab, hiyo mahali sasa ni ngano tupu! Njia zote zililimwa na trekta. Hakuna mtu anaweza kupita hapo. Pango lenyewe lilizibwa kwa baruti!"

"Mimi najua. Lakini amri ni amri. Wewe funika njia tu. Kijani kidogo. Mlima nabaki, msitu nabaki, yote nabaki."

"Si yote, Memsaab."

"Lakini kama njia hapana tena huko," alisema Memsaab, kwa upole kabisa, akitaka kwa dhati kuelewa, "kwa nini wewe nataka sana kuweka?"

Gachanja alikuwa na jibu, jibu refu, tena zuri, lakini lilikuwa la Kikikuyu, na hata akiligeuza Kiswahili, kile Kiswahili cha kuagizia chai na maji ya kuoga ndicho pekee alichokuwa nacho Memsaab. Angelipitisha wapi? Hasira za mtu asiyesikika ni mbaya kuliko za mtu aliyepigwa, kwa sababu hazina hata alama ya kuonyesha.

Alitoka nje akakaa juu ya jiwe kando ya tangi. Hemed akamfuata.

"Niondoe picha nirudi nayo Elburgon," Gachanja alisema. "Mama ataiona huko."

"Ataiona vipi? Pasi yake inasema Nakuru. Na wewe unadhani yule kijana atakuacha ubebe ramani upande lori?"

"Basi waichome!"

"Sikiliza, ndugu yangu. Mimi ni mtu wa fremu, siyajui ya ndani. Lakini picha iliyofunikwa ni picha. Iliyochomwa ni majivu. Mama yako anatoka Fort Hall na jicho moja, nusu jicho, umwonyeshe nini, majivu? Funika. Ataona mlima wake, ataona msitu wake, atafurahi. Mwenye nguvu mpishe."

Ushauri wa Hemed ulikuwa wa rafiki, na ulikuwa na mantiki, na ndiyo sababu Gachanja aliuchukia. Aliugeuza kila upande akitafuta mahali pa kuuvunja asipate. Jumatano saa sita mchana alichukua kopo la kijani lililobaki kwenye kazi ya madirisha, akachanganya na njano kidogo na kahawia kidogo mpaka ikawa rangi ya majani ya kule juu, maana hata katika kuharibu hakuweza kufanya kazi mbovu. Akaanza na njia ya kijitoni. Mkono wake ulikuwa thabiti. Alichora majani juu ya kila hatua, jani kwa jani, na ubao mwekundu ukawa unatoweka kidogo kidogo, kwa kina Waithaka, msituni, mkunjoni. Saa kumi ilibaki ile sehemu ya katikati, yenye ukubwa wa ukucha. Alisimama mbele yake mpaka brashi ikaanza kukauka. Kisha akapaziba.

Afisa alikuja, akatazama, akasema "Vizuri sana," akatia sahihi.

Alhamisi Wazungu walijaa, na glasi zao, na kofia za wake zao. Gachanja alikuwa amevaa shati jeupe na tai ya kuazima, amewekwa kando ya ukuta wa mwisho ili aonekane. Walimtazama yeye, wakatazama picha, wakamtazama tena yeye. Halafu miguu mirefu ikaingia mlangoni, na Gachanja akaitambua.

Bwana Mbuni alikuwa amezeeka kidogo. Hakumkumbuka Gachanja, na kwa nini angemkumbuka? Alisimama mbele ya ubao mkubwa, akainama, akarudi nyuma, akaangua kicheko cha furaha kama mtoto.

"Lakini hii ni shamba yangu! Memsaab, tazama! Ile mti, ile mto, yote iko!" Akamgeukia Gachanja akamshika mkono, akautikisa kweli kweli. "Wewe fundi sana. Safi kabisa. Hapana takataka ya watu, shamba tu. Mimi nataka hii kwa nyumba yangu, kwa ukuta juu ya moto."

Memsaab alibandika alama nyekundu kwenye kona ya fremu, kuonyesha imeuzwa. Picha zote zilikuwa mali ya chama, ndivyo walivyoandikiana tangu mwanzo, na Gachanja alikuwa ametia sahihi bila kufikiri kwamba ubao mmoja kati ya kumi na mbili ungeweza kumwuma. Mkono wake ulikuwa bado una joto la mkono wa Bwana Mbuni. Aliufuta kwenye suruali, akaufuta tena. Alijifariji na jambo moja: Jumamosi mama ataiona, na baada ya hapo waipeleke wanakotaka.

Wariara alifika Jumamosi saa nane, ametoka kwenye basi la Nairobi, pasi yake imekunjwa ndani ya leso na leso imefungwa shingoni. Alikuwa amekuwa mdogo. Gachanja alimshika mkono akamwongoza mpaka ndani, na watu wa mjini waliokuwa wamejaa humo, wa reli, wa sokoni, wa Bondeni, waliposikia huyu ndiye mama wa mchoraji walimpisha kwa heshima, wengine wakimwamkia kwa Kikikuyu. Alijibu kila mmoja. Picha kumi na moja alizipita bila kusimama.

"Iko wapi yetu?" aliuliza.

"Hii hapa, Mama."

Ili aone ilimbidi asogee mpaka pua ikaribie ubao, jicho la kushoto mbele. Alianza upande wa juu. Alitaja mlima kwa jina lake. Alitaja msitu, akataja mti mkubwa wa ukingoni, na Gachanja akasikia moyo wake ukipanda. Kumbe Hemed alisema kweli! Mama alishuka na jicho lake taratibu, shibiri kwa shibiri, akafika kijitoni, akacheka kidogo. Kisha akaingia katikati ya ubao, na hapo akaanza kwenda kushoto, akarudi kulia, akapanda, akashuka. Alikawia. Watu wa nyuma walikuwa wanangoja zamu yao. Kidole chake kilikuwa kimeinuka bila kugusa, kinatafuta hewani kama cha mtu anayetafuta ufunguo gizani.

"Mlima naujua," alisema. "Mto naujua. Sisi tulikuwa tunapita wapi?"

Alimgeukia mwanawe.

"Mtu akiniita usiku, alikuwa anakuja kwa wapi? Naona majani. Majani mpaka mlangoni kwa Bwana Mbuni. Gachanja, hapa hapajawahi kukaa mtu."

Wakati huohuo Memsaab Pringle alitokea, amenyoosha mikono yote miwili, uso umejaa wema. "Huyu ni Mama? Mama nafurahi? Gachanja, uliza yeye, nafurahi?"

Wariara alimgeukia yule mwanamke mgeni, akainamisha kichwa kwa adabu, kama inavyompasa mtu aliyealikwa.

"Mwambie shamba la Bwana limetoka vizuri," alisema kwa Kikikuyu. "Mwambie Bwana amepata fundi mzuri."

Ikabidi Gachanja atafsiri. Alitafsiri. Memsaab alipiga makofi mawili madogo, akasema asante, asante sana, akaenda zake kwa wageni wengine akiwa na furaha yake.

Nje, ngazini, ndipo Gachanja alipopasuka. Alimwambia mama yake yote kwa pumzi moja: afisa, daftari, swali la njia, ujinga wake mwenyewe, moto, kijani, Hemed, yote. Alimwambia jinsi njia zilivyokuwa, nyekundu, saba, na mahali zilipokutana. Alisema zipo bado, chini ya rangi, hazijafutwa, zimefunikwa tu. Alisema hakuwa na la kufanya. Alisema hivyo mara tatu, na kila mara sauti ilipanda, mpaka watu wakageuka.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho.

"Nani alishika brashi?" aliuliza.

"Mimi. Lakini wangeichoma, Mama! Usingeona kitu!"

"Nyumba yangu waliichoma," Wariara alisema. "Nilisimama nikaitazama mpaka ikaisha, na mpaka leo naweza kukuonyesha mlango ulitazama wapi, hata nikiwa kipofu. Lakini kiberiti walikuja nacho wao, Gachanja. Sikuwashikia."

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ingekuwa nafuu, mtu hujibu ukali. Alifungua leso akatoa pasi yake, akamnyooshea amsomee, kwa kuwa yeye maandishi hakuyaona tena.

"Inasema mpaka Jumatatu," Gachanja alisema. "Mke wangu Wangeci amekuandalia mahali pa kulala hapa mjini. Kesho nitakupeleka uone ziwa."

"Na leo kuna basi?"

Kulikuwa na basi la saa kumi na nusu. Alimpandisha yeye mwenyewe, akamtafutia kiti cha dirishani, na mama akamshukuru, akamwambia amsalimie mkewe. Kisha akageuza uso mbele, na basi likaondoka na siku zake mbili ambazo hakuzitumia.